Kitambaa Kilichopauka

Mwezi huu twataka kusema habari ya jambo lililo dogo, walakini limewafungia wengine mlango wa kanisa. Nalo ni kitambaa cha kichwa kilichopauka, na kofia ya ukindu iliyokatika utepe, na mkoba uliochakaa.

Katika mtaa wetu alikuwako mama mmoja ambaye hakuonekana ibadani Jumapili nne. Wazee walipokwenda kumjulia hali walimkuta mzima, yumo shambani analima. Alipoulizwa, alijibu kwa sauti ndogo ya kwamba kitambaa chake kimekwisha rangi, na wenziwe wamepata vipya kwa Pasaka, naye hawezi kuketi kati yao. Hatukumkemea, maana aibu ya namna hii huzaliwa katika macho ya watazamao, si katika moyo wa avaaye.

Aibu hiyo ni ya zamani katika pwani yetu. Huko Unguja, katika karne ya 19, wanawake watumwa wengi walivaa kaniki, yaani merikani iliyotiwa nili hata ikawa karibu nyeusi. Sheria ya utumwa ilipofutwa mwaka 1897, wengi waliiacha kaniki wakajitwalia kanga, wasitambulike tena kwa nguo ya utumwa. Walifanya vema. Lakini rangi ile haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la wale waliowatia wenzao utumwani. Basi tusidhani kwamba nguo iliyotiwa rangi kwa mkono ni nguo ya unyonge. Lidia wa Thiatira alikuwa mwuza zambarau, na nyumba yake huko Filipi ikawakaribisha mitume. Naye Dorkasi wa Yafa hakuzinunua dukani zile kanzu walizozionyesha wajane wakilia, alizishona mwenyewe.

Siku ya Jumamosi wanawake wa mtaa walikusanyika kwa mama yule, kila mmoja na kile alicho nacho jikoni. Kazi yenyewe ni hivi. Twaa shuka kuukuu ya pamba. Ifue kwa sabuni na maji ya moto hata wanga na mafuta yatoke. Iloweke usiku mmoja katika maji ya chai yaliyokolea, kisha katika maji ya moto yenye shabu, kadiri ya gramu 15 kwa kila gramu 100 za nguo kavu. Chemsha maganda makavu ya vitunguu, uzito wake sawa na uzito wa nguo, kwa muda wa saa moja. Yachuje, uitie nguo ingali mbichi, uiache juu ya moto mdogo saa moja tena, ipoe humo humo. Itatoka na rangi ya dhahabu iliyoiva. Ukitia misumari michache yenye kutu, rangi itageuka kuwa ya giza. Manjano nayo hupendeza, lakini jua huyafifisha upesi, na sabuni huyageuza kuwa mekundu. Yafaa kwa bitana ya mkoba tu. Anika kivulini. Na sufuria ya rangi isirudi kupikia chakula.

Shuka ile moja ilikatwa ikatoa vitambaa sita vya kichwa, na vipande vilivyosalia vikawa tepe za kofia, za upana wa vidole vitatu, na mshipi, na kifuniko cha mkoba uliotoboka. Jumapili iliyofuata akina mama sita walivaa vitambaa vya sufuria moja, wala hapana aliyeweza kusema kipi ni cha maskini.

Enyi walimu, wafundisheni watoto kazi hii, wavulana pamoja na wasichana, maana gharama yake ni ndogo, na nyumba nyingi hukopa dukani kwa ajili ya sikukuu, kisha hulipa deni hata sikukuu nyingine. Lakini tujihadhari, kusizuke mashindano mapya ya nani ana rangi nzuri zaidi. Mtume Yakobo, katika sura ya 2 ya waraka wake, alikwisha kutuonya juu ya kumpa kiti kizuri mwenye pete ya dhahabu na kumsimamisha maskini. Anayeingia na kitambaa kilichopauka apishwe nafasi benchini kwanza. Habari ya rangi iongewe baadaye, nyumbani kwake, kwa upole.