Jack na Jill Katika Giza

Watoto wetu wa chekechea huimba kwa vicheko wimbo wa Kiingereza wa Jack na Jill, wale wawili waliopanda kilima kuteka maji, mmoja akaanguka akavunjika kichwa, mwenzake akabiringika nyuma yake. Wimbo huo ni mkongwe. Huko Uingereza ulikwisha kuchapwa vitabuni tangu karne ya 18, na kijiji cha Kilmersdon, Somerset, hudai hadi leo kwamba kilima chenyewe ni chao. Mwalimu hupiga makofi, watoto hujiangusha chini, basi. Nani kati yetu amewahi kuuliza habari za yule aliyevunjika kichwa?

Aliyeuliza ni binti wa kaka yetu, mwanafunzi wa kidato cha tatu anayeishi nasi. Shuleni walipewa kazi ya sanaa: watengeneze picha ya kuunganisha, yaani picha moja itokanayo na kadhaa, kwa mtindo wa gothiki. Ni ule mtindo wa magofu, ukungu na mbalamwezi, ambao Waingereza waliuzoea tangu riwaya ya Horace Walpole, The Castle of Otranto, ya mwaka 1764. Akachagua Jack na Jill. Na kwa kuwa kompyuta ya nyumbani ndiyo hiyo hiyo tunayochapia matangazo ya msikiti, tuliketi naye. (Hukumu ya picha tunawaachia masheikh wa kurasa nyingine.)

Kilichotushitua ni kisima. Alikwisha kukipiga picha kisima cha mtaani kwetu, na juu ya mdomo wake akambandika mwanetu wa miaka saba, kichwa chini, miguu juu. Kisima hicho ndicho alichofia mtoto wa jirani miaka miwili iliyopita, na mama yake hupita mlangoni petu kila asubuhi. Binti hakujua, msiba ulipotokea alikuwa bado kwao mkoani. Tulipomweleza alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Lakini ba'mdogo, tukiondoa huo uchungu, si itabaki kama wanavyoimba chekechea?"

Alikuwa na hoja. Mwaka 1858 Mwingereza Henry Peach Robinson aliunganisha negativu tano akapata picha ya msichana anayekata roho, jamaa zake wakiwa kando yake. Wako waliochukizwa, wakasema uchungu wa namna hiyo haufai kuonyeshwa; ilhali msichana aliyekaa mbele ya kamera alikuwa mzima wa afya. Tulimwambia binti yetu kwamba huzuni ya Robinson haikuwa na mwenyewe. Ya kisima chetu inaye, na tunasalimiana naye. Giza libaki, kisima kiondoke.

Tukaenda kwenye kilima nje ya mji siku ya mawingu, kwa kuwa jua kali huchora vivuli vikali ambavyo havifutiki kirahisi kwenye kompyuta. Kilima kikapigwa peke yake, mti mkavu peke yake, ndoo ya bati peke yake, kisha watoto wawili. Simu aliishika kwa kimo kile kile kila mara, maana kimo kikibadilika jicho hunusa uongo kabla akili haijajua sababu. Nyumbani kila kitu akakiweka kwenye tabaka lake, akakata kingo, akapunguza mwanga, akafifisha rangi na kutia buluu kidogo, mpaka mchana ukawa usiku. Mwezi aliuweka kushoto, hivyo vivuli vyote vililazimika kulala kulia. Ndoo ilimchosha jioni mbili nzima: ilionekana kuelea, mpaka alipoitia kivuli chembamba, cheusi tii, pale inapogusa ardhi. Ukungu ulikuja mwisho.

Kisha, bila kuambiwa na mtu, akawafuta watoto wenyewe na kubakiza vivuli vyao viwili mteremkoni. Ilitisha kuliko ile ya kwanza.

Alipokuwa akitafuta maneno kamili ya wimbo, alikuta ubeti ambao chekechea yetu haiufundishi: Jack anainuka, anakimbia nyumbani, na kichwa chake kinafungwa kwa siki na karatasi. Usiku ule akaongeza tabaka moja. Chini ya kilima, upande wa kulia, ndani ya giza, kuna dirisha lenye taa ya njano, dogo kama punje ya mtama.