Zabuni ya Serikali na Chungu cha Shule

Mama wa nyumbani aendaye soko la Kimironko, mjini Kigali, kununua maharage hana haraka. Kwanza huuliza bei kwa wauzaji watatu au wanne. Kisha huchota konzi ya maharage, huyapuliza vumbi, hutazama kama yametobolewa na wadudu, na pengine huitia punje moja menoni apate kujua kama ni ya msimu huu au yamelala ghalani mwaka mzima. Anafahamu kwamba maharage makuukuu hayaivi upesi, na kwamba faranga alizookoa sokoni atazitoa tena kwa muuza makaa. Ndipo anapolipa, naye haondoki kabla ya kuitazama mizani.

Serikali nayo hununua maharage. Katika Kinyarwanda neno ni lile lile: isoko ni mahali pauzwapo mboga na viazi, na isoko ni zabuni ya serikali. Lakini kuna tofauti kubwa. Mama hununua kwa fedha yake kitu atakachokipika na kukila yeye na wanawe. Afisa wa serikali hununua kwa fedha ya watu wengine kitu kitakacholiwa na watu wengine, na huenda asikione kamwe kwa macho yake. Sheria zote za zabuni, katika nchi yoyote ile, zimetungwa kwa ajili ya kuziba pengo hilo.

Rwanda imepita hatua kadhaa katika jambo hili. Mwaka 1997 iliundwa Bodi ya Taifa ya Zabuni, iliyotoa zabuni za serikali kutoka mahali pamoja. Wakati huo maafisa wenye ujuzi walikuwa wachache, na haikuwa ajabu kuwakusanya katika ofisi moja. Sheria ya mwaka 2007 ikaubadili utaratibu huo. Bodi ilirithiwa na mamlaka ya kusimamia ununuzi wa umma, ambayo kazi yake ni kuongoza na kukagua, na kila wizara na kila wilaya ikapewa jukumu la kununua mahitaji yake yenyewe. Mjini Kigali mambo yaligeuka tena mwaka 2019, pale wilaya tatu za Gasabo, Kicukiro na Nyarugenge zilipoondolewa hadhi ya kuwa na mamlaka ya kisheria peke yake, na mamlaka hayo yakawa ya Jiji.

Mabadiliko yaliyoonekana zaidi kwa wafanyabiashara ni yale ya karatasi. Zamani mzabuni alibeba bahasha iliyofungwa kwa lakiri, akapanda basi usiku kutoka Rusizi au Nyagatare, akashuka Nyabugogo alfajiri, na akaomba Mungu asichelewe saa ya kufungua bahasha. Aliyekaa karibu na ofisi alikuwa na nafuu, na aliyefahamiana na karani alikuwa na nafuu zaidi. Tangu mwaka 2016 ulianza kujaribiwa mfumo wa kompyuta uitwao Umucyo, maana yake mwangaza, na mwaka uliofuata ukaenezwa katika ofisi za serikali. Mfano ulitoka Korea Kusini, iliyokuwa na mfumo wa namna hiyo tangu mwaka 2002. Tangazo, maombi na jina la mshindi hupita humo. Nchi jirani nazo zimeshika njia hiyo. Tanzania ilianza kutumia mfumo wake mpya, NeST, mwaka 2023.

Hapana shaka kwamba hii ni faida. Kompyuta haipotezi bahasha, na saa ya mwisho ikipita imepita kwa wote. Hata hivyo, mwangaza huu huangaza zaidi mahali pamoja, yaani pale mshindi anapochaguliwa. Mlango wa ghala unaweza kubaki gizani. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ya Rwanda zimetaja mara kwa mara mikataba iliyochelewa na mingine iliyotelekezwa, na maafisa wameitwa mbele ya kamati ya Bunge kujieleza. Mikataba kama hiyo yaweza kuwa ilitolewa kwa utaratibu ulio safi kabisa. Taabu ilikuja baadaye.

Chakula cha shule kinaonyesha jambo hili waziwazi. Mwaka 2021 serikali iliueneza mpango wa chakula cha mchana kutoka chekechea hadi sekondari, na watoto wanaokula shuleni sasa ni zaidi ya milioni 3. Mwaka 2022 mchango wa mzazi katika shule za msingi za serikali uliwekwa faranga 975 kwa muhula. Sehemu kubwa ya gharama hubebwa na serikali. Kwa hiyo maharage, mchele na unga wa mahindi, ule uitwao kawunga, umekuwa ununuzi wa umma unaoingia tumboni mwa watoto kila siku ya masomo.

Yafaa basi kuuliza ni kitu gani kimeandikwa katika zabuni. Ikiwa imeandikwa "maharage, kilo 2,000", na anayetaja bei ndogo ndiye ashindaye, atashinda mwenye maharage makuukuu, wala hatakuwa amevunja sheria yoyote. Mpishi wa shule atawasha kuni tangu alfajiri, na saa sita watoto watatafuna punje ngumu. Mahindi yana hatari kubwa kuliko hiyo. Viwango vya Afrika Mashariki vinataka unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5, kwa sababu mahindi mabichi yakifungwa magunia huota ukungu, na ukungu huleta sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupikwa. Viwango hivyo hivyo vinataka sumukuvu isizidi mikrogramu 10 katika kilo moja. Mambo haya yakiandikwa katika zabuni, muuzaji ataweka bei inayolingana na mahindi makavu. Yasipoandikwa, mwenye mahindi makavu atashindwa na mwenye mahindi mabichi, na muhula ujao naye hatajisumbua kuyaanika.

Hii ndiyo hatua wanayohimizwa wanunuzi wa umma katika nchi nyingi siku hizi: kupima thamani ya kitu mpaka mwisho wa matumizi yake, badala ya kutazama bei peke yake. Wataalamu huieleza kwa maneno mazito. Mama wa Kimironko hakungoja semina.

Baada ya zabuni kuandikwa barabara, pabaki mtu wa kupokea mzigo. Gari hufika shuleni, mwalimu yumo darasani, dereva ana haraka, na hati ya kupokelea imekwisha kuandikwa. Sahihi moja hapo ina nguvu kuliko vifungu vingi vya sheria. Wazazi walioingizwa katika kamati za shule ndio wafaao kuitwa saa hiyo, hasa akina mama, ili wafungue magunia ya chini na ya katikati, maana gunia la juu siku zote ni zuri. Wanyarwanda si wageni wa kazi ya namna hii. Mwaka 2020, yalipojengwa madarasa zaidi ya 22,000 nchini, wananchi waliokuwa karibu na shule walishiriki katika ujenzi, na mtu ambaye mwanawe atakaa chini ya ukuta hujali kama tofali limekaa sawa.

Limebaki suala la malipo. Kenya ilitenga asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa ajili ya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu tangu mwaka 2013, na Rwanda hutoa upendeleo kwa bidhaa za nyumbani chini ya wito wa Made in Rwanda. Nia ni njema. Lakini chama cha ushirika cha wakulima kikipeleka tani 5 za maharage na kusubiri fedha miezi mitatu, wanachama wake hawatakuwa na mbegu wakati wa kupanda. Mfanyabiashara mwenye mtaji mkubwa aweza kusubiri. Ataongeza tu gharama ya kusubiri katika bei ya zabuni ijayo. Ushirika hautaomba tena, na katika orodha ya wazabuni litabaki jina la yule yule mwenye mtaji.