Dhahabu ya atomu ishirini

Nimepotea kidogo, si kwa sababu bumu limekata (limekata kweli, lakini hilo tumezoea), ila nimezama kwenye kutafuta nafasi ya uzamivu. Rumeti wangu kila siku ananiuliza, we jamaa, hizo klasta zako ndiyo mdudu gani? Haya, leo nijibu mara moja yaishe.

Mimi ni mtu wa Geita. Nimekua nasikia karasha zikisaga mawe usiku kucha, kwa hiyo dhahabu kwangu ni kitu cha kuweka kwenye mzani na kugombania. Sasa hii ninayoitafuta mimi haionekani kwenye mzani wa mchenjuaji yeyote. Ni atomu tatu, kumi, hamsini zilizoshikana, basi. Unapiga kipande cha dhahabu kwa leza, mvuke unatoka, unaupoza kwa gesi ya heliamu, atomu zinashikana, halafu unazipitisha kwenye ombwe na kuzichambua kwa uzito. Vituko vinaanzia hapo. Mwaka 1984 Walter Knight na wenzake kule Berkeley walikuta klasta za sodiamu zenye atomu 8, 20 na 40 zinatokea kwa wingi kuliko jirani zake. Kisa? Kila atomu inachangia elektroni moja, na elektroni zote zinajipanga kwa matabaka, utadhani klasta nzima ni atomu moja kubwa. Tabaka likijaa, klasta inatulia. Duh! Dhahabu nayo, mwaka 2003 kundi la Lai-Sheng Wang likaonyesha kwamba atomu 20 zinakaa kama piramidi ya nyuso nne. Na ile dhahabu tuliyofundishwa kwamba ni mvivu, haiungani na kitu? Masatake Haruta wa Japani alionyesha mwaka 1987 kwamba ukiitawanya chembechembe ndogo sana juu ya oksidi, inachochea kaboni monoksidi iungane na oksijeni hata chini ya nyuzi sifuri.

Mtu utaachaje kitu kama hicho?

Nafasi zenyewe sasa. Leuven, Ubelgiji, wana kundi la klasta la siku nyingi. Nijmegen, Uholanzi, kuna FELIX, leza ya infraredi wanayomulikia klasta ili wajue zimekaa umbo gani. Uholanzi mwanafunzi wa uzamivu kwa kawaida ni mwajiriwa, miaka minne, mshahara kila mwezi. Mama nilimweleza hilo akaniuliza mara mbili: "Wanakulipa wewe, kwa kusoma?" Marekani wanaweza kukuchukua na shahada ya kwanza tu, ila jipange kwa miaka mitano hivi na kufundisha juu yake.

Kuna profesa mmoja wa Ulaya kanijibu. Anataka tuongee Alhamisi, na kaniomba nipige hesabu ndogo: dhahabu ya atomu nane, inapenda kulala bapa au kusimama? Programu ni ya bure, tatizo ni umeme.

Sasa balaa. Mgodi mmoja umenipa kazi ya maabara, kupima sampuli, na wanataka jibu Ijumaa saa sita mchana. Nimewaomba wiki mbili, wamekataa. Mdogo wangu anaingia kidato cha tano, na mguu wa baba haumruhusu tena kushuka duarani. Nikampigia mjomba, shikamoo, marahaba, nikamwaga yote. Akanyamaza, kisha: "Sasa mjomba, hiyo dhahabu ya atomu ishirini inanunua debe ngapi za mahindi?" Nilicheka. Lakini swali ni la haki kabisa, na sikuwa na jibu.

Profesa kasema majibu ya usaili hayatoki kabla ya wiki tatu. Kwa hiyo Ijumaa nitajibu gizani. Barua nimeandika mbili, ya kukubali na ya kukataa, zote zipo kwenye flashi. Leo usiku dhahabu nane bado inapigwa hesabu pale maabara, mpaka sasa bapa inaongoza. Ngoja nikaiangalie kabla hawajakata umeme.