Dada, Kabla Hujakodi Gari San Francisco

Dada mpendwa,

Umeandika kwamba ukija utakodi gari, hutaki kufungwa na ratiba za mabasi. Sawa, lakini nisome kwanza. Kuendesha huku utazoea upesi, hata kama wanapita kulia. Kuegesha ndiko kunakotaka utulivu.

Dar unasimamisha gari, mtu wa maegesho anapiga picha namba zako, na deni linakusubiri kwenye mfumo na kontroli namba yake. Ukiwa na shaka unamuuliza, anakuelekeza. Hapa hakuna wa kumuuliza. Mtaa wenyewe umeandikwa, nawe unatakiwa kuusoma wote kabla hujafunga mlango.

Anza chini. Ukingo wa barabara, pale njia ya waenda kwa miguu inapoanzia, umepakwa rangi. Nyekundu usisimame kabisa, hata kama unamshusha mtu. Njano ni ya magari ya biashara yanayopakia na kupakua mizigo. Nyeupe ni ya kushusha na kupandisha abiria, na dereva habanduki kwenye usukani. Kijani ni ya kusimama kwa muda mfupi, na muda wenyewe umeandikwa hapo hapo. Buluu ni ya watu wenye ulemavu waliopewa kibali maalumu. Hiyo usiiguse hata kwa nusu dakika, kwa sababu kuna mtu ambaye bila nafasi ile hafiki dukani wala hospitalini.

Halafu kuna sheria zisizopakwa rangi, na hizo ndizo zinazowanasa wageni. Bomba la zimamoto linataka nafasi ya karibu mita nne na nusu. Usizibe lango la gari la mwenye nyumba, na usipande na tairi juu ya njia ya waenda kwa miguu. Tangu 2025, California nzima, madereva wanapigwa faini wakiegesha ndani ya mita sita kabla ya kivuko cha waenda kwa miguu, hata kama hakuna kibao wala mstari. Sheria hii naipenda kwa moyo wote. Gari likiegeshwa ukingoni mwa kivuko, mtoto anayetaka kuvuka haonekani mpaka awe ameshaingia barabarani. Wewe umefundisha shule iliyo kando ya barabara kubwa, huhitaji nikueleze zaidi.

Sasa milima. Picha umeziona, lakini picha zinapunguza. Kipande cha Filbert Street kati ya Hyde na Leavenworth kina mwinuko wa asilimia 31.5. Sheria inasema mwinuko ukizidi asilimia tatu tu, lazima uvute hendibreki na ukate magurudumu. Mwenyeji wangu alinionyesha taratibu mtaani kwake. Gari likitazama chini, alikata usukani kulia, akaliachia lisogee kidogo kidogo mpaka tairi la mbele likagusa ukingo, ndipo akavuta breki. Kisha tukageuza tukapanda. Safari hii alikata kushoto, akaliacha lirudi nyuma mpaka mgongo wa tairi la mbele ukaegemea ukingo. Breki ikikatika usiku, gari linazuiwa na ukingo, haliporomoki kumkuta mtu kule bondeni. Wewe umezoea kuegesha kushoto, kwa hiyo kwako mikono itataka kufanya kinyume. Fanya zoezi kwenye mtaa mtulivu kwanza.

Juu ya nguzo ndiko kuna usomaji mrefu. Kibao chenye picha ya ufagio kinakutajia siku na saa za kusafisha mtaa, pengine wiki ya kwanza na ya tatu ya mwezi tu. Saa ikifika, wakaguzi wanapita, na gari kubwa la kufagia linapita likisugua ule ukingo. Nimesimama kuliangalia: pale palipobaki gari moja, linalazimika kukwepa, na takataka zinabaki palepale. Kibao kingine kinasema wasio na kibali cha wakazi wakae saa mbili tu. Utaratibu huo ulianza 1976 na kila eneo lina herufi yake. Vibao vya kuvutwa gari ndivyo vya kuogopa. Kuna barabara ambazo asubuhi au jioni, saa za watu wengi, njia ya maegesho inageuka njia ya kupitia. Ukilikuta gari lako limechukuliwa, kulikomboa kunapita dola 500.

Lililonifurahisha kuliko yote ni bei. Mita za maegesho za hapa hazina bei moja. Mwaka 2011 jiji lilianza majaribio ya kupandisha bei mahali panapojaa na kuishusha panapobaki wazi, na baadaye, 2018, utaratibu ukaenea kwenye mita za jiji zima. Wazo hilo lilitetewa na Donald Shoup, profesa wa UCLA aliyefariki 2025, ambaye kitabu chake cha 2005 kiliwageuza wengi. Shabaha ni kila kipande cha mtaa kibaki na nafasi moja mbili, watu wasizunguke wakichoma mafuta bure. Kwa hiyo ukiona bei ni kali, kata kona. Mtaa wa pili huenda ni nafuu, na asubuhi huenda nafuu kuliko mchana. Kwa kweli nilipolielewa hili niliifikiria Kariakoo, jinsi watu wanavyozunguka Msimbazi na Uhuru wakitafuta pa kusimama. Ningependa wakubwa wa jiji letu walijaribu hata kwa mitaa michache.

Mita nyingi hupumzika Jumapili, lakini kule Fisherman's Wharf zinafanya kazi siku zote saba. Unaweza kulipa kwa simu. Na usiache kitu chochote kinachoonekana ndani ya gari, hata mfuko mtupu au koti. Wavunja vioo ni tatizo la kweli hapa.

Ukipewa faini usiyoona haki yake, unazo siku 21 za kuipinga, na mapitio ya kwanza hayana malipo. Ila gari ni la kukodi, kwa hiyo karatasi ikipotea faini itamfuata mwenye gari, naye atakukata pamoja na gharama zake. Itunze.

Nitumie jina la mtaa wa hoteli yako mapema, nikuangalizie siku zao za ufagio na kama wana gereji ya kulaza gari.

Mdogo wako