Diski Imejaa? Usifute Kwanza

Bumu likichelewa, mabango ndiyo yananilisha. Wiki ya uchaguzi wa wanafunzi nalala saa tisa usiku, na kila msimu nagongewa mlango kwa kilio kilekile: Photoshop imegoma, inasema diski imejaa.

Mwaka huu alikuja dada wa mwaka wa tatu, kompyuta mkononi, akitaka kufuta folda ya sauti za fildi. Mahojiano ya wavuvi, wiki sita za kazi, na hakuwa na nakala.

"Bango ni la kesho, utafiti mpaka mwezi wa saba," akasema.

"Dada angu, subiri kwanza."

"Sasa mbona faili lenyewe lina MB 30 tu?"

Hapo ndipo wengi tunapochanganyikiwa. Faili likihifadhiwa linabanwa, likifunguliwa linatanuka. Bango la A1 kwa nukta 300 kwa inchi lina pikseli 7,016 kwa 9,933, yaani karibu milioni 70. Kila pikseli inataka baiti tatu, kwa hiyo leya moja iliyojaa inapita MB 200. Zidisha kwa leya zako, ongeza hatua za nyuma zinazotunzwa ili uweze kutengua. RAM ikielemewa, mzigo unahamia kwenye diski.

Tulifanya hivi. Tulihifadhi kazi, tukafunga Photoshop, tukatafuta mafaili yanayoanza na "Photoshop Temp". Umeme ukikatika ghafla, haya hubaki yamelala humo bila kazi. Yake yalikuwa GB 18. Tukayafuta, kazi ikaendelea.

Kama kwako hayapo, nenda Edit, kisha Purge. Ila ujue hutaweza tena kurudi hatua za nyuma. Kwenye Preferences, sehemu ya Scratch Disks, chagua diski nyingine yenye nafasi, na upunguze idadi ya History States. Bango la kusomwa kwa mbali punguza hadi nukta 150: pikseli zinabaki robo.

Ndugu zangu, haya yote yanachukua dakika kumi. Bango litabanduliwa ukutani matokeo yakitoka. Sauti ya mzee aliyekupa saa mbili zake huwezi kuitengeneza upya, hata urudi kijijini kwake na nauli ya kukopa. Nakili fildi yako leo, kwenye flashi na kwa rafiki, kabla diski haijaanza kulalamika.