Nahodha wa Mashua ya Kijiji katika Visiwa vya Scilly

Visiwa vya Scilly viko katika bahari ya Atlantiki, yapata maili 28 kutoka ncha ya kusini-magharibi ya Uingereza. Ni visiwa vidogo, vimezungukwa na miamba mingi. Wenyeji wake hulima maua na kuvua samaki, na wageni wa matembezi huwaletea sehemu kubwa ya riziki. Lakini kitu wanachojivunia kuliko vyote ni mashua zao za makasia sita.

Mashua hizo zina urefu wa futi 32 na upana usiofika futi 5. Mbao zake, za mti uitwao elm, ni nyembamba mno, unene wa robo ya inchi tu. Zamani zilikuwa mashua za marubani. Merikebu ilipoonekana ikitoka ng'ambo, mashua zilishindana kuifikia, kwa maana rubani wa kwanza kupanda ndiye aliyepata ujira. Tena zilitumika kuokoa watu. Desemba 1907, merikebu Thomas W. Lawson yenye milingoti 7 ilipovunjika miambani, watu wa kisiwa cha St Agnes walitoka na mashua Slippen, iliyoundwa mwaka 1830, kuwatafuta walionusurika.

Kazi hiyo ya zamani imekwisha. Siku hizi mashua za namna hii ni mali ya vyama vya wenyeji, na karani, mwalimu na mkulima huvuta makasia pamoja. Mwaka 1990 yalianzishwa huko Scilly mashindano makubwa, ambayo sasa huvuta mashua zaidi ya 100.

Msomaji aliyezoea mtumbwi ajue tofauti moja. Mwenye kafi hutazama aendako, lakini mwenye kasia huipa omo mgongo. Watu sita huvuta kwa nguvu zao zote kwenda mahali wasipopaona. Aonaye ni mmoja tu, nahodha aketiye tezini na kamba za usukani mikononi. Roho zao zimo katika macho yake.

Kazi ya nahodha huanza nchi kavu. Kwanza husikiliza habari za hali ya hewa na kusoma jedwali la maji kujaa na kupwa. Wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka yapata mita 5, na mkondo huwa mkali zaidi katika saa za katikati, ya tatu na ya nne. Mwamba uliofichika asubuhi waweza kuwa wazi adhuhuri. Kisha hukagua vyombo: nanga na amari yake, upo wa kuchotea maji, majaketi ya kuokolea yanayowatosha wote, na redio ya kuitia msaada kwa chaneli ya 16. Mwisho humwachia mtu wa pwani majina ya waliomo, na saa ya kurudi.

Baharini amri zake ziwe fupi, na maana yake ijulikane kabla ya kung'oa nanga. Wimbi kubwa hulikabili kwa omo, asikubali limpige ubavuni. Mtu akianguka majini, amri ya kwanza ni kusimamisha makasia. Mmoja humwelekezea kidole aliyeanguka bila kuondoa macho, na mashua humwendea polepole, omo ikielekea upepo. Haifai kukawia, kwa kuwa maji ya huko ni baridi hata wakati wa kiangazi. Hukata pumzi ghafula na kulegeza mikono ya hata mwogeleaji hodari.

Lakini ujuzi mgumu kuliko wote hautaki nguvu wala kamba, nao ni kusema, "Leo hatutoki." Huenda mmoja wa wavutaji ni mkubwa wake kazini, na mwingine ni mjomba wake. Wote wamekwisha vaa, na kijiji jirani kimekwisha ingiza mashua yake majini. Hata hivyo neno la nahodha ndilo la mwisho, na wavutaji wema hulitii bila kunung'unika, kwa maana manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Hayo yawafaa pia wavukao Ziwa Viktoria na milango ya Lamu. Mashua iliyorudishwa bandani leo itatoka kesho, na watu wake wote wamo.