Safari ya Athi River: Dawa Ndani ya Asidi

Matatu ya kutoka Machakos ilinishusha Athi River asubuhi, malori ya saruji na vyuma yakiwa yamekwisha kuziba barabara ya Mombasa. Ninafundisha kemia, lakini sikuwa nimewahi kuona tangi la asidi linaloweza kuzamisha gari zima.

Kiwanda nilichokwenda kutembelea hutengeneza waya wa ua na misumari. Waya mnene wa milimita 5.5 huletwa ukiwa roli, umefunikwa magamba meusi yaliyojitunga chuma kilipoviringishwa kikiwa moto. Magamba yasipotolewa, hukwaruza tundu la dai ambamo waya huvutwa ili uwe mwembamba. Kwa hiyo kreni huzamisha roli katika asidi ya haidrokloriki.

“Mwalimu, sogea uone,” akasema fundi mkuu. Alijaza asidi katika chupa mbili za kioo, moja akaitia matone machache ya dawa ya kuzuia chuma kisiliwe, kisha akatumbukiza vipande vya waya uliokwisha kusafishwa. Kwenye asidi tupu viputo vya haidrojeni vilifoka: chuma chenyewe kilikuwa kinaliwa. Kwenye ile nyingine, kiputo kimoja kimoja tu. Akatia humo kipande chenye magamba, nayo magamba yakalegea na kudondoka kama kawaida!

Dawa za namna hiyo ni kampaundi za kikaboni zenye naitrojeni au salfa, kwa mfano heksamini. Molekuli zake hung'ang'ania chuma kilicho wazi na kukifunika kwa utando mwembamba mno, huku magamba yakiendelea kushambuliwa.

Lililonishtua zaidi ni haidrojeni. Si yote inayotorokea hewani. Nyingine hupenya ndani ya chuma, na waya, hasa wenye kaboni nyingi, hupoteza unyumbufu wake. Fundi alikunja waya uliokaa mno katika asidi tupu; ukakatika papo hapo. Nikawaza waya wa namna hiyo ukiwa kwenye kamba ya winchi, na watu wamesimama chini. Dawa nayo huchaguliwa kwa uangalifu: thayourea huzuia ulaji, lakini kwa vipimo fulani huzidisha haidrojeni inayopenya.

Viputo vya haidrojeni ndivyo vinavyorusha ukungu wa asidi, ule ulioniwasha koo kabla sijafika ukingoni mwa tangi. Vikipungua, wafanyakazi hupumua vizuri zaidi.

Wenye viwanda, msiifute dawa hii kwenye bajeti. Na hata ikitiwa, asidi bado hutoa mvuke: nunueni barakoa, na feni za kuuvuta nje zifanye kazi.